Kilo Mbili

Tangu duka la Bwana Premji livunjwe
nimepata sakafu.

Zamani nilikaa ukingoni mwa mtaro, Mtaa wa Chagga,
mizani yangu juu ya udongo na kokoto,
kando yake kipande cha boksi, maandishi ya mkaa:
PIMA UZITO MIA MBILI.
Leo nakaa juu ya marumaru, inang'aa kama sahani ya harusi.
Nyuma yangu ghorofa sita za kioo:
chini benki, juu ya benki simu,
juu ya simu mawakili, na juu kabisa, wanasema,
patakuwa na mkahawa, kikombe elfu sita,
kahawa ileile
ambayo baba aliing'oa kihambani akapanda nyanya.

Kioo kinatazama kaskazini.
Kwa hiyo mlima siku hizi tunauona tukiupa mgongo,
Kibo kulia, Mawenzi kushoto,
wamebadilishana viti.
Nakijwa wa ndizi za kuchoma anasema
huenda Mawenzi kachoka kuomba moto mlango wa mbele,
kazungukia uani.

Siku ya kwanza ya marumaru alikuja Mama Aikande,
mteja wangu wa kila Jumatatu akitoka sokoni.
Akatua kikapu, akavua viatu, akabana pumzi
(wote hubana pumzi, kana kwamba hewa nayo ina kilo).
Themanini na moja.
"Wiki iliyopita si sabini na tisa?"
"Labda ni Pasaka, mama."
"Pasaka gani, na Kwaresima yote nimefunga!"
Akaondoka bila kuaga.

Akaja fundi wa lifti, kijana wa Same: kaongezeka mbili.
Akaja karani wa benki, mwembamba kama risiti:
mbili.
Hata Kiwelu mlinzi, mwenye rungu na filimbi,
aliyetumwa kunifukuza akaishia kuvua buti,
mbili.

Usiku nikalala nazo.
Zimetoka wapi? Mji mzima umekula nini?

Ndipo nikalikumbuka jiwe.
Siku tingatinga lilipouma paji la duka,
pale palipoandikwa kwa saruji 1951,
nilijitosa kwenye vumbi nikaokota 51.
19 ilipanda lori. Sijui imefukia shimo la nani.
Jiwe lilikaa kwangu Njoro, likizuia mlango wa banda la kuku.

Nikalipima palepale, kwenye udongo wa uani:
kilo tisa.
Asubuhi nikalibeba mjini kwenye kiroba,
nikaliweka juu ya marumaru kabla benki haijafunguliwa.
Kumi na moja.
Nikalishusha. Nikalipandisha tena.
Kumi na moja.

Kumbe udongo ndio uliokuwa mwongo.
Miaka saba nimekaa pale nikiwapunguzia watu,
wakishuka wanacheka,
wanavuka barabara kununua maandazi.

Sikumwambia mtu, ila Kiwelu.
Kiwelu akasema usijisumbue,
mwisho wa mwezi wataleta mashine, isimame pale mlangoni,
unatumbukiza sarafu, inakutajia uzito wako
kwa sauti ya mwanamke mwenye elimu.
"Na wewe?" nikamuuliza.
Akatazama filimbi yake.
"Wanasema kuna kamera."

Jumatatu hii Mama Aikande amerudi.
Hakunisalimu. Aliinama, akaikwapua mizani,
akaipeleka mwenyewe hadi ng'ambo, karibu na jiko la Nakijwa,
ambako bado kuna udongo, upana wa mkeka mmoja hivi.
Akaipigapiga na kisigino mpaka ikatulia upande.

Akapanda na viatu vyake, na kikapu mkononi,
ndizi, vitunguu, nusu kilo ya dagaa.
Safari hii hakubana pumzi.
Sindano ikaenda, ikaenda.
Mimi nikainama kusoma; akaniwahi.
"Sabini na tisa," akasema kwa sauti,
Nakijwa asikie, na Kiwelu kule mlangoni asikie.

Akanipa mia tano.
Hakungoja chenji.